Karibu ya Waanglikana wa Dodoma ina milango mingapi?

Jirani yangu ni mtumishi wa wizara. Alihamia Dodoma na watoto wawili, kabati la vyombo na mtungi wa gesi, akapanga nyumba mtaani kwetu. Kwao ni Muheza. Amebatizwa huko, amepata kipaimara huko, na babu yake alikuwa mwalimu wa kanisa Magila. Jumapili yake ya kwanza akaulizia kanisa la Anglikana, akaelekezwa, akaenda. Saa saba mchana akanikuta nje naosha pikipiki.

"Kaka, nadhani nimekosea mlango."

Hakusikia kengele altareni wala kunusa ubani. Aliyeongoza ibada aliitwa Mchungaji, si Padri, na alikuwa mama. Yeye alipofanya ishara ya msalaba, bibi aliyekaa naye benchi moja alimgeukia taratibu akamuuliza, "Mwanangu, wewe ni Mroma?" Akajibu, "Hapana bibi, mimi Anglikana." Bibi akamtazama vizuri kidogo. "Sisi ndio Anglikana."

Wakati wa matangazo wageni wakaambiwa wasimame. Akasimama, akajitaja jina na alikotoka, akaimbiwa, akapigiwa makofi, na bibi yule yule ndiye aliyepiga kwa nguvu zaidi. "Wamenikaribisha vizuri mno," jirani akaniambia. "Sasa sijui wamenikaribisha wapi."

Swali hilo ni kubwa kuliko alivyodhani. Kulijibu inabidi kurudi nyuma miaka karibu 150, kabla reli haijafika na kabla ya kuwepo mji unaoitwa Dodoma.

Kanisa lilianza kama mgeni

Kwenye njia ya misafara kutoka pwani kwenda Tabora na Ujiji, Mpwapwa palikuwa mahali pa kupumua. Palikuwa na maji na chakula, na mbele yake kulikuwa na pori la Marenga Mkali, lililopewa jina hilo kwa sababu ya ubaya wa maji yake. Malenga kwa Chigogo ni maji. Aliyevuka pori hilo salama aliingia Ugogo, na huko watemi walitoza hongo kwa kila msafara uliotaka kuchota kisimani. Leo neno hilo lina harufu mbaya. Wakati ule lilikuwa ushuru unaojulikana, na anayelalamika alikuwa huru kufa kiu.

Wamisionari wa chama cha CMS (Church Missionary Society) cha Uingereza walifika Mpwapwa mwaka 1876 wakiwa safarini kwenda Buganda. Kituo kikaanzishwa, kikaachwa, kikarudiwa mwaka 1878. Alexander Mackay, fundi mhandisi kutoka Uskoti, alifyeka barabara ya mikokoteni ya ng'ombe kutoka Saadani hadi Mpwapwa. Ofisi za dayosisi mjini Dodoma zimepewa jina lake, ingawa kazi iliyompa sifa aliifanyia Uganda. Tukubali tu kwamba mwanzoni Mpwapwa haikuwa lengo la mtu yeyote. Ilikuwa kituo cha kupumzikia, na Kanisa la katikati ya nchi likaota palipokuwa na maji.

Kwa hiyo mgeni wa kwanza katika habari hii ni Kanisa lenyewe. Liliomba kiwanja, likaomba vibarua, likaomba watoto wa kufundisha kusoma. Bushiri bin Salim alipowapiga Wajerumani Mpwapwa mwaka 1889, na misheni ikaumia pamoja nao. Likajengwa tena. Kufikia mwaka 1900 kazi ilikuwa imeanza Mvumi, ndani kabisa ya Ugogo, kisha Kongwa. Dodoma yenyewe bado ilikuwa kijiji; iligeuka mji Wajerumani walipoleta reli ya kati, miaka ya mwanzo ya karne ya 20.

Vita ya Kwanza ya Dunia ndiyo iliyoonyesha Kanisa hili ni la nani. Wamisionari walikuwa Waingereza ndani ya koloni la Ujerumani, wakawekwa kizuizini. Walimu na makatekista wa Kiafrika yaliwapata mabaya zaidi: walituhumiwa kuwa wapelelezi wa Waingereza, wakakamatwa, wakafungwa, wakachapwa. Baadaye majeshi ya pande zote mbili yalichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo, mvua nazo zikakataa, na kati ya 1917 na 1920 ikaja njaa ambayo Wagogo wanaiita Mtunya. Watu walikufa kwa maelfu. Kaya zilizokuwa na chochote zilipokea watoto wa wasio na kitu, wakati mwingine kwa upendo, wakati mwingine kwa hesabu ya mahari ya baadaye. Walimu waliobaki hai waliendelea kusalisha. Wazungu wachache waliporudi walikuta Kanisa limesimama bila wao, na sasa wao ndio waliokaribishwa.

Ndugu wawili wa baba mmoja

Sasa turudi kwenye ubani. Anglikana iliingia nchi hii kwa milango miwili. CMS, kilichoanzishwa mwaka 1799, kilikuwa chama cha Waanglikana wa mrengo wa kiinjili: Biblia na mahubiri kwanza, mapambo machache, mashaka makubwa na chochote kinachofanana na Roma. Chama cha pili, UMCA (Universities' Mission to Central Africa), kilitokana na hotuba ya David Livingstone kule Cambridge mwaka 1857, kikatia nanga Zanzibar mwaka 1864, kisha kikaenea Magila na Masasi. Hao walipenda altare, mavazi ya ibada, ubani, kuungama kwa padri. Wote walikuwa Kanisa la Uingereza, ila ibada zao mtu angedhani ni dini mbili.

Mwaka 1913 tofauti hiyo ililipuka, na sababu ilikuwa hii hii ya kukaribishana. Mwezi Juni wamisionari wa madhehebu mbalimbali ya Kiprotestanti walikutana Kikuyu, Kenya, kuzungumzia ushirikiano. Mwisho wa mkutano Askofu William Peel wa Mombasa aliongoza Ushirika Mtakatifu katika kanisa la Wapresbiteri, na wasio Waanglikana wakapokea mkate na divai. Askofu Frank Weston wa Zanzibar aliposikia, aliandika kwa Askofu Mkuu wa Canterbury kuwashitaki Peel na mwenzake wa Uganda kwa uzushi. Kwa Weston, meza ya Bwana ilikuwa na mipaka, na mpaka mmojawapo ulikuwa kipaimara kutoka mkononi mwa askofu.

Mpwapwa, Mvumi na Kongwa wakati ule zilikuwa chini ya Peel. Muheza ilikuwa chini ya Weston. Jirani yangu na yule bibi wa benchi moja wamerithi pande mbili za kesi ambayo hakuna kati yao aliyewahi kuisikia.

Hukumu ilitoka mwaka 1915, nayo ilizunguka sana. Watani wakaifupisha: ibada ile ilimpendeza Mungu kupita kiasi, na kwa vyovyote vile isirudiwe. Ukisoma utani huo leo unaweza kucheka, lakini mimi naona Weston hakuwa na roho mbaya. Alikuwa anauliza kama kumkaribisha kila mtu mezani ni sawa na kusema meza haina maana. Hadi leo wazee wa kanisa wanaulizana jambo hilo hilo kwa maneno mengine.

Muungano ulikuja polepole. Baada ya vita CMS ya Uingereza iliishiwa nguvu, na kazi ya katikati ya nchi ikachukuliwa na Waaustralia. Dayosisi ya Central Tanganyika, tunayoiita DCT, ilizaliwa mwaka 1927 kwa kumegwa kutoka Mombasa, na George Chambers, kasisi kutoka Sydney, akawa askofu wake wa kwanza. Kanisa kuu la Roho Mtakatifu, lile lenye kuba mjini Dodoma ambalo mgeni akiliona kwa mbali anaweza kudhani ni msikiti, liliwekwa wakfu mwaka 1933. Mwaka 1960 dayosisi za CMS na za UMCA zikaingia jimbo moja la Afrika Mashariki. Mwaka 1970 Tanzania ikapata jimbo lake, John Sepeku akiwa Askofu Mkuu wa kwanza. Katiba moja, ofisi kuu moja, nayo iko hapa hapa Dodoma. Desturi za ibada kila dayosisi ikabaki na zake. Askofu Mkuu Maimbo Mndolwa, aliyeanza kazi mwaka 2018, anatoka Tanga, kwao jirani yangu. Akija Dodoma hamna anayemuuliza kama ni Mroma.

Mlango wa benchi, mlango wa meza

Hapa ndipo watu wengi wanapochanganya mambo. Neno karibu kanisani halina maana moja. Mlango wa benchi hauna komeo: ingia, kaa, imba, uwe Mlutheri, Mpentekoste, Mwislamu aliyemsindikiza rafiki kwenye harusi, au mtu asiye na dini. Mlango wa meza ya Bwana una masharti. Katika ibada nyingi nilizokaa hapa Dodoma, mchungaji hutangaza kwamba waliobatizwa na wanaoshiriki katika makanisa yao wanakaribishwa. Peel angefurahi. Mlango wa tatu ni wa uanachama, na huo unataka barua ya utambulisho kutoka ulikotoka, pengine na cheti cha ubatizo. Wa nne ni wa mambo mazito: kufungishwa ndoa, kubatiziwa mtoto, kuzikwa na mchungaji.

Mlango wa meza ndio uliowaumiza watu wengi zaidi katika Ugogo, na kisa hakikuwa madhehebu. Kilikuwa wake.

Mgogo mwenye ng'ombe wengi alikuwa na wake zaidi ya mmoja, kila mmoja na sehemu yake katika tembe na shamba lake la uwele na mtama. Mkutano wa maaskofu wa Kianglikana huko Lambeth mwaka 1888 uliamua kwamba mume wa wake wengi asibatizwe. Abaki mwanafunzi wa ubatizo mpaka atakapoweza kuipokea sheria ya Kristo, maana yake abaki na mke mmoja. Wake zake wangeweza kubatizwa katika hali fulani. Matokeo yake yalikuwa ya ajabu. Mke anaingia kanisani na kwenda mezani, na mume, ambaye pengine ndiye aliyetoa kiwanja cha kanisa, anakaa nyuma na watoto miaka 20, anajua nyimbo zote, hajabatizwa. Akitaka kubatizwa itabidi amfukuze mama wa watoto wake. Baadhi walifanya hivyo. Sijui kama kuna mtu aliyewahi kuwahesabu wanawake waliorudishwa kwao na watoto mgongoni ili mume apate jina la Petro.

Ilichukua miaka 100 kamili. Lambeth ya 1988 iliruhusu mume wa namna hiyo abatizwe pamoja na wake na watoto wake walioamini, akiahidi kwamba hataongeza mke mwingine wakiwa hai, na jumuiya ya Waanglikana wa mahali hapo ikiridhia, na asilazimishwe kuwaacha wake zake kwa sababu ya hali ngumu ambayo ingewakuta. Angalia masharti: mlango umefunguliwa kwa aliyekuja akiwa nao tayari. Mkristo aliyebatizwa kisha akaongeza mke bado anatengwa.

Kutengwa nako kunahitaji maelezo, maana wageni wengi hulifikiria kama kufukuzwa. Aliyetengwa hazuiwi kuingia. Anakaa kwenye benchi, anatoa sadaka, anaimba. Hashiriki meza wala hashiki uongozi mpaka atubu na kurudishwa kundini mbele ya watu. Nadharia yake ni ya malezi. Kwa vitendo, msichana aliyepata mimba hutengwa haraka kwa kuwa tumbo linaonekana, na kijana aliyehusika anaendelea kupiga kinanda. Hilo nimeliona kwa macho yangu, na si mara moja.

Waliofungua milango kutoka ndani

Baadhi ya milango haikufunguliwa na wazungu wala na mikutano ya Lambeth. Tarehe 15 Mei 1955, kule Namirembe, Kampala, Askofu Mkuu Geoffrey Fisher wa Canterbury aliwaweka wakfu Waafrika wanne kuwa maaskofu wasaidizi: wawili wa Kenya, mmoja wa Sudan, na Yohana Omari wa Central Tanganyika. Tamka jina hilo tena. Omari. Baadaye jimbo likawa na Askofu Mkuu anayeitwa John Ramadhani. Kanisa lililowataka watu wabadili majina yao ya ukoo halingekuwa na maaskofu wenye majina kama hayo, na katika nchi hii ambapo shangazi anafunga Ramadhani na mjomba anafunga Kwaresima, hilo lilisema mengi bila hotuba. Mwaka 1971 Yohana Madinda akawa Mwafrika wa kwanza kuiongoza DCT yenyewe.

Mwingine ni Godfrey Mdimi Mhogolo, askofu kuanzia 1989 hadi kifo chake mwaka 2014. Katika Kanisa Anglikana Tanzania suala la wanawake kuwa makasisi halijaamuliwa kwa sauti moja: zipo dayosisi zinazowaweka wakfu na zipo zisizofanya hivyo. Mhogolo aliwaweka. Ndiyo sababu jirani yangu alimkuta mama mezani. Watu wa Dodoma walizoea mapema kuliko ungetarajia, labda kwa kuwa vijijini Umoja wa Akina Mama ndio uliokuwa ukilibeba kanisa tangu zamani, kuanzia matofali hadi maji ya kuchanganyia udongo. Aliyebeba ndoo akabeba na kikombe.

Kuna pia Buigiri, ukitoka mjini kwa barabara ya Morogoro, ambako Kanisa lilianzisha shule ya wasioona mwaka 1950. Ugogo ni nchi ya vumbi na uhaba wa maji, na ugonjwa wa vikope umepofusha watu wengi kwa sababu hiyo hiyo ya uso usiooshwa. Hospitali ya Mvumi inajulikana kwa kutibu macho. Shule ikachukua waliokwisha kupofuka, wakati ambapo mtoto asiyeona alikuwa anawekwa nyuma ya tembe wageni wasimwone. Ukiniuliza karibu ya kweli ya Kanisa hili iko wapi, nitakupeleka Buigiri kabla ya kanisa kuu.

Mji ulipofurika

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ni wa 1973. Kwa miaka zaidi ya 40 ulikuwa kama ahadi ya mchumba. Julai 2016 Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali inahamia kweli, na malori yakaanza kupakia. Sensa ya 2012 iliwahesabu wakazi 410,956 wa manispaa; ya 2022 ikawakuta 765,179 katika jiji.

Makanisa yaliyozoea kujua kila mtu ni mtoto wa nani yakakuta sura mpya kila wiki. Zamani Waprotestanti waligawana maeneo ili wasigombanie watu: Wamoravian Tabora na Mbeya, Walutheri Singida na Kilimanjaro, CMS katikati. Mgogo Mprotestanti alikuwa Anglikana karibu kwa kuzaliwa. Sasa Mmoravian wa Rungwe, Mlutheri wa Machame na Mwanglikana wa Masasi wote wanapanda daladala moja asubuhi ya Jumapili.

Wenyeji wamejitahidi. Salamu ya Mbukwenyi bado unaisikia mlangoni, lakini mahubiri ya Chigogo mjini yamepungua, na bibi kama yule wa benchi anasikiliza Kiswahili cha haraka cha vijana wa chuo akishika maneno nusu. Karibu ya wageni ina anayeilipia, na mara nyingi ni yeye. Jambo hilo halitajwi kwenye matangazo.

Pia kuna bahasha. Mgeni akishaandikwa anapewa bahasha za ahadi zenye namba, na ipo parishi moja, sitaitaja, ambako familia ya marehemu iliulizwa namba hiyo kabla ya kuulizwa saa ya maziko. Watetezi husema kanisa halina ruzuku, mchungaji anakula, bati zinavuja. Ni kweli tupu. Lakini watemi wa Ugogo walitoza hongo kisimani mapema, kabla hujanywa, na kila mtu alijua.

Mnada unanifurahisha zaidi. Baada ya ibada, walioleta kuku, karanga, mayai au kisahani cha zabibu badala ya fedha, vitu vyao hupigiwa mnada nje. Mtumishi wa wizara mwenye mshahara anashindana bei na fundi baiskeli, kuku anapanda hadi bei isiyo na akili, watu wanacheka, na mara nyingi mshindi anamrudishia kuku yule yule mjane aliyemleta. Pale ndipo wageni wanapojulikana majina.

Jirani yangu ameendelea kwenda. Msalaba anafanya, kwa kidole gumba tu, harakaharaka. Kwa wiki kadhaa aliendelea kusimama kila wageni walipoitwa, kwa kuwa barua yake ya utambulisho kutoka Muheza ilikuwa haijafika na yeye ni mtu wa taratibu. Mwezi wake wa tatu hapa, alipoanza kunyanyuka, bibi alimvuta kitenge.

"Kaa chini. Mgeni gani wewe?"

Kisha, bila kuteremsha sauti, mchungaji akiwa anaendelea na matangazo, akamwambia Jumamosi ni zamu ya benchi lao kufagia kanisa, aje saa moja, na ufagio aje nao kutoka nyumbani.